Ungekuja na Treni

Katika miaka arobaini na tatu tuliyokaa mlango kwa mlango, Mengia Cantieni hakuwahi kuniomba kitu. Chumvi ikimwishia, alikula bila chumvi. Aliniomba mara moja tu, Januari iliyopita, kule Davos, theluji ikianguka, na alichoniomba ni kwamba nishuke garini. Nitafika huko. Kwanza nimweleze mwenyewe, maana hapa Scuol, milimani Uswisi, kila mtu anadhani anamjua, na wengi wanachokijua ni ukaidi wake tu.

Ukaidi alikuwa nao, simtetei. Alikuwa na miaka kumi na tisa hoteli za Davos zilipokosa pa kufulia, na sisi huku tulikuwa na nyumba kubwa ya kufulia kando ya mto. Wageni wa huku huja kuloweka viungo kwenye maji ya moto, wa kule huja kuvunja viungo kwenye theluji, na wote wanalala kwenye mashuka. Swali lilikuwa moja: mashuka yavuke mlima kwa treni au kwa gari?

Wenye hoteli waliitisha kikao. Tumasch Cantieni, kondakta kijana wa reli, alikuja na ratiba mfukoni bila kualikwa. Akawaonyesha kwa kidole: treni inazunguka, kweli, zaidi ya saa tatu, lakini inafika kiangazi na baridi, na inafika kwa dakika iliyoandikwa. Mengia alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari la mjomba wake.

"Mimi napita juu ya mlima, barabara ya Flüela," alisema. "Saa moja."

"Na barabara ikifungwa na theluji?" Tumasch akamuuliza.

"Nitazunguka."

"Ukizunguka utakuwa umefanya kazi ya treni, ila vibaya."

Wenye hoteli walicheka, kisha wakachagua gari. Tumasch hakukubali kushindwa. Oktoba hiyo waliwekeana dau la kikombe cha kahawa: yeye aondoke na treni ya alfajiri, Mengia aondoke saa mbili baadaye na gari lililojaa mashuka, waone nani atatangulia kufika ua wa nyuma wa hoteli kubwa ya Davos. Huko juu kulikuwa kumeanguka theluji, lori la magogo likalala kuziba barabara. Mengia alifika karibu na saa sita mchana, mikono imekufa ganzi. Tumasch alikuwa amesimama uani na sare yake, vifungo vyote vimefungwa, kikombe mkononi.

"Ungekuja na treni," alimwambia, "ungekuwa umeshafika."

"Na mashuka angeyabeba nani?" Mengia akamjibu, akachukua kile kikombe, akammwagia viatuni. Walioana majira ya kuchipua yaliyofuata.

Fungate walikwenda Zermatt, ambako gari la petroli haliruhusiwi kuingia. Nadhani mnajua nani alichagua. Mengia aliacha gari bondeni, na jioni ya tatu, kwa maneno yake mwenyewe, alishuka kwenda kulitazama kama lipo salama. Na tangu hapo hadi uzeeni maneno yale mawili ndiyo yalikuwa salamu yao. Wengine huambiana mpenzi, hubusiana. Hawa wawili, Mengia akirudi popote, hata dukani, Tumasch alitoka mlangoni na kusema, "Ungekuja na treni, ungekuwa umeshafika," na Mengia akajibu habari ya mashuka. Mimi nilikuwa nikiwasikia kupitia ukuta na kuona wanaudhi. Mume wangu alikuwa ameshakufa, labda ndiyo sababu.

Tumasch hakuwahi kujifunza kuendesha. Mengia alibeba mashuka miaka thelathini na mmoja na hakupanda treni ila kwa mazishi. Handaki la Vereina lilipofunguliwa, na magari yakaanza kupandishwa juu ya treni wakati wa baridi ili yavuke chini ya mlima, Tumasch alizunguka mji mzima akitangaza kwamba ameshinda: sasa hata gari la mkewe limekuwa abiria. Mengia hakumsemesha siku mbili.

Kisha Tumasch akaanza kupotea. Mimi nina kibanda cha magazeti stesheni, kwa hiyo nililiona mapema kuliko wengine. Asubuhi moja alikuja na sare aliyoivua miaka kumi na tano iliyopita, akanyoosha mkono juu ya magazeti yangu na kusema, "Tiketi, tafadhali." Nilicheka. Akarudia, kwa upole uleule. Nikampa risiti ya maziwa, akaikagua, akanirudishia na kunitakia safari njema. Nilifunga kibanda nikampeleka nyumbani.

Mengia alimtunza miaka mitatu peke yake, mpaka mumewe alipoanza kutoka nje na kutembea juu ya reli. Binti yao, anayekaa Basel, alipata nafasi kwenye nyumba ya wazee Davos, yenye upande wa watu waliosahau. Chumba alichopewa kilikuwa na dirisha linalotazama reli. Bonde zima tulifurahi. Mtu wa reli kapewa dirisha la reli, mnataka nini zaidi? Tuliambiana hivyo kanisani, tukaambiana hivyo kibandani kwangu. Sisi hapa tunamwamini mtu kwa kazi yake. Mtu aliyekata tiketi miaka arobaini, tulijua bila kuuliza ni kitu gani kitakachobaki kichwani mwake cha mwisho.

Kila Jumatano na Jumapili Mengia alikwenda. Kiangazi alipita Flüela, baridi alipandisha Subaru yake ya kijani kwenye treni ya magari. Tumasch alikuwa amemsahau binti yake. Alikuwa amewasahau wajukuu, mimi, na jina la mji wake. Lakini Subaru ilipoingia ua wa nyumba ile, alitoka na viatu vya sufi vya ndani, akaweka mkono juu ya mlango wa dereva, akamwambia yaleyale ya treni. Alikuwa anamjua.

"Hicho tu ndicho nilichobakiwa nacho," Mengia aliniambia siku moja tukikata kuni. "Siku atakayoniuliza mimi ni nani, Nesa, nitakuwa mjane ambaye mumewe yu hai. Sitaiweza hiyo."

Nilimwambia kuni zake ni mbichi.

Novemba jino liliniuma nikaomba lifti hadi Davos. Pale Sagliains, ambapo magari hupandishwa, kuna kijana anaitwa Reto, ana karibu mita mbili na koti la njano linalouma macho. Alisimama katikati, mkono juu, kutuambia tusimame. Mengia hakusimama. Nilipiga kelele. Reto aliruka pembeni, na Subaru ikaenda kugusa gari la wageni wa Zürich lililokuwa mbele yetu.

Reto alikuja dirishani, amekuwa mweupe. "Mama Mengia! Unataka kuniua kabla ya pensheni?"

"Na wewe ulikuwa umejificha wapi?" Mengia akamjibu.

Reto alicheka, maana baba yake alifundishwa kazi na Tumasch, na wale wageni walitazama gari lao wakaona halina kitu. Mimi sikucheka. Treni ikaingia handakini, tukabaki ndani ya gari gizani, dakika kumi na nane, hakuna pa kukimbilia, sio yeye wala mimi.

"Hukumwona," nilisema.

"Nilimwona mwishoni."

"Mengia, yule mtu ni mkubwa kama mlango wa ghala!"

Aliwasha taa ya ndani ya gari. Kisha akasema, "Pembeni naona vizuri. Kucha zako naziona, utaziosha lini? Ni katikati. Katikati pana moshi."

"Tangu lini?"

"Tangu Aprili. Lakini barabara naijua, siitazami hata."

"Barabara unaijua, na watu waliomo je? Hao nao unawajua kwa moyo?" Nilikuwa nimekasirika hadi jino likaacha kuuma. "Panda treni, mwanamke! Treni ipo kila saa. Tazama ulivyo sasa hivi: umekaa ndani ya gari, gari limekaa juu ya treni, na bado unaikataa treni!"

"Anatoka kunipokea uani," alisema.

"Atakupokea stesheni! Anachungulia reli mchana kutwa, ataona mkewe anashuka kwenye behewa. Atakufa kwa furaha."

Alizima taa. Nilidhani ni ukaidi. Sasa najua ilikuwa hofu, na kwamba ile hofu ilikuwa na akili kuliko mimi.

Kesho yake nilikwenda kwa daktari. Sikuandika barua isiyo na jina, kama wanavyofanya wengine hapa bondeni halafu wanakusalimia kanisani. Nilikwenda, nikakaa kitini, nikasema. Daktari Rauch alimwita Mengia kupimwa macho mapema kuliko zamu yake ya madereva wazee, akamwonyesha zile herufi ukutani, na Mengia akasoma za kando na kuacha za katikati. Alimwambia anaweza kungoja leseni ifutwe au airudishe mwenyewe kwa hiari. Mengia aliitia kwenye bahasha siku hiyohiyo, akabandika stempu, akaja nayo kibandani kwangu, kwa kuwa sanduku la posta liko pale.

Aliweka funguo za Subaru juu ya magazeti.

"Chukua," alisema. "Daktari kaniambia nani alikuja kwake. Umenichukulia macho, chukua na miguu."

"Mengia, nisingesema, ukamgonga mtoto wa mtu..."

"Najua. Ungekuwa umefanya vibaya kama usingesema." Alitumbukiza bahasha. "Ila usitegemee nikushukuru."

Niliingia nyuma kwenye maboksi nikalia. Lakini niseme wazi: nilikuwa sahihi, na hadi leo nasema nilikuwa sahihi. Ndiyo inayoniuma zaidi. Ningekuwa nimekosea ningeomba radhi na mambo yakaisha.

Jumatano iliyofuata alipanda treni. Alivaa koti lake zuri la buluu, na alikuwa amebeba keki ya jozi kwenye bati. Nilitoka kibandani kumfungulia mlango wa behewa, ingawa unajifungua wenyewe.

"Utaona," nilimwambia. "Miaka hamsini na sita anakuambia upande treni. Leo umepanda. Utaona uso wake."

Alirudi na treni ya saa kumi jioni. Nilikuwa nakunja bango la magazeti. Alikaa kwenye benchi langu, bati mapajani, akanieleza yote kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya dukani.

Tumasch hakuwa kwenye dirisha la reli. Lurdes, muuguzi Mreno wa upande ule, alimwambia hajawahi kukaa pale. Kila asubuhi wanamwekea kiti kitazame treni, na kila asubuhi anakikokota kupita ukumbi mzima hadi dirisha la upande wa pili, la maegesho. Walishaacha kubishana naye. Hawakuona haja ya kutuambia, maana walidhani tunajua.

"Nikamwendea," Mengia alisema. "Nikamwambia, Tumasch, habari za asubuhi. Akasimama. Unajua alivyo, husimama kwa mwanamke yeyote. Akaniambia, karibu mama, umekuja kumtazama nani? Nikamwambia, wewe."

"Akasemaje?"

"Akasema, samahani mama, leo nina mgeni. Mke wangu anakuja. Ana gari la kijani. Amechelewa kidogo, barabara ya juu ni mbaya." Mengia alifungua bati, akalifunga. "Kisha akaniuliza, wewe umekuja na nini? Nikamwambia, na treni. Akafurahi, Nesa, kama ulivyosema. Akaniambia nimefanya vizuri sana. Akaniambia mke wake ni mtu mzuri ila kwenye jambo hilo hasikii."

Treni ya kwenda Pontresina iliingia na kutoka, na hakuna hata mmoja wetu aliyeitazama.

"Nilikaa naye," alisema. "Saa mbili na nusu. Tulimngoja mke wake pamoja. Nilimkatia keki, akasema ni nzuri, lakini ya mke wake ina asali zaidi."

Nilimwambia ni mara ya kwanza tu, atazoea. Watu husema mambo kama hayo. Alikwenda Jumapili, akaenda Jumatano, alikwenda mara tano, kila mara na koti lile la buluu, na kila mara Tumasch alisimama, akamkaribisha mama mgeni na kugeukia dirisha. Mara ya nne Mengia alimwambia, "Tumasch, ni mimi." Mumewe alimtazama kwa huruma kubwa, akamwita Lurdes amsaidie huyu mama, amepotea.

Baada ya Mwaka Mpya Lurdes alipiga simu. Mengia alikuwa jikoni kwangu, tunakunywa supu ya shayiri, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mama, mzee hali chakula," Lurdes alisema. "Siku ya nne leo. Anasema mke wake kapata ajali huko juu na sisi tunamficha. Jana alitoka na pajama kwenda kumtafuta. Tulimkuta getini."

Mengia aliweka simu. Alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua.

"Nitaendesha mimi," nilisema.

"Wewe? Hujashika usukani tangu mumeo afe. Ulikuwa ukiendesha trekta."

"Trekta nalo lina usukani."

Tukaenda Jumapili. Sitaeleza safari yenyewe. Reto aliponiona nikipanda na Subaru kwenye treni alifanya ishara ya msalaba, na Mengia alinielekeza njia nzima: punguza, hapa kuna barafu, hapa kona inadanganya, yeye ambaye alama za barabarani hazioni. Kutoka Klosters, tunakoshukia treni ya magari, hadi Davos nilikuwa nimelowa jasho. Tulipoingia uani na kusimama, mlango wa nyumba ulikuwa umeshafunguka. Tumasch alikuwa anakuja, viatu vya sufi kwenye theluji, amekonda, mikono mbele.

Alikuja upande wa dereva. Nilifungua mlango kutoka, na kabla sijasimama sawasawa alinikumbatia. Alinuka sabuni ya hospitali. Aliniwekea uso begani.

"Ungekuja na treni," alisema shingoni mwangu, "ungekuwa umeshafika. Mengia. Mengia wewe."

Nilitazama juu ya bega lake. Mengia alikuwa ametoka upande wa pili, amesimama na bati lake. Tumasch naye akamwona.

"Na yule mama ni nani?" aliniuliza taratibu. "Umempa lifti?"

Ningetaka ardhi inimeze. Nilikuwa nimeshamchukulia leseni, nimemchukulia funguo, na sasa nilikuwa mikononi mwa mume wake na jina lake masikioni mwangu.

"Ndiyo," Mengia alisema. "Kanipa lifti. Mungu ambariki." Kisha akanitazama mimi, yaani akatazama kando yangu, kama anavyotazama siku hizi. "Mjibu basi. Usimwache hivyo. Unayajua maneno."

Niliyajua, nimeyasikia ukutani miaka arobaini na tatu. Nikasema, "Na mashuka angeyabeba nani?" Sauti yangu ilikuwa mbaya, lakini Tumasch alicheka, akanishika mkono akaniingiza ndani. Siku ile alikula sahani mbili. Alinilisha na mimi kwa uma wake. Mengia alikaa meza ya dirishani, ile ya upande wa reli, akala keki yake mwenyewe, akitazama treni zikipita.

Tuliporudi, handakini, nilingoja aseme. Nilikuwa tayari anitukane, nilikuwa nalihitaji tusi.

"Alikula," alisema.

"Sahani mbili."

"Basi Jumatano tunakwenda tena." Na baada ya muda, gizani, "Mikono yake ilikuwa baridi?"

"Ilikuwa na joto," nilisema, na akashukuru.

Jumatano theluji ilikuwa inaanguka tangu alfajiri. Mengia hakunielekeza njia. Alikaa ameshika glavu mapajani kutoka Scuol hadi Davos, hata pale nilipoteleza kwenye kona ya ziwa. Tulipofika kwenye geti la nyumba ya wazee, kabla ya kona ya mwisho, mahali ambapo ukuta bado unaficha gari lisionekane dirishani, aliweka mkono juu ya usukani.

"Simama hapa. Nesa, naomba ushuke."

Nilijua mara moja anataka nini.

"Huna leseni."

"Najua. Wewe ndiye uliyetaka niirudishe."

"Huoni!"

"Ni mita hamsini. Si barabara, ni uani kwao."

"Na akitoka mzee mwingine? Na akitoka Tumasch mwenyewe, akaja mbele ya gari, katikati ya huo moshi wako? Mengia, nilikushtaki kwa daktari kwa sababu hii hii. Nikikupa usukani sasa, yale yote nilikufanyia kwa nini?"

Hakukasirika. Ningeona afadhali akasirike.

"Kwa sababu ulikuwa sahihi," alisema. "Sasa naomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Nilikaa nimeshika usukani ule. Mimi ni mtu wa kufuata kanuni, kila mtu anajua, huwa nagonga mlango wa jirani anayetoa takataka siku isiyo yake. Nikawaza jinsi Tumasch atakavyonikumbatia tena, na jinsi nitakavyokuwa nimeanza kungoja anikumbatie. Hilo ndilo lililonishusha. Si wema, mniamini.

Nilimpigia Lurdes simu, nikamwambia azuie mlango asitoke mtu ila nitakapoinua mkono na gari likiwa limesimama. Alitaka kuuliza, kisha akaelewa, akasema, "Dakika moja, mama." Nikashuka. Mengia akasogea kwenye kiti cha dereva, akakivuta mbele, akarekebisha kioo ambacho hakimfai kitu.

"Tembea mbele," alisema. "Lakini usitembee katikati, kaa kushoto, pembeni. Pembeni nitakuona."

Basi nilitembea pembeni kushoto, mkono nje kama Reto, viatu vinazama, na nyuma yangu Subaru ikaja mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza. Sikugeuka. Nilikuwa nasikia mpira wa matairi ukikanyaga theluji, nikihesabu hatua. Mwenye kutaka kunishtaki, kibanda changu kiko stesheni, hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Dirishani niliona uso wa Tumasch. Uliondoka. Nilipofika kwenye ngazi niligeuza kiganja, na Mengia akasimamisha gari taratibu kuliko nilivyowahi kusimamisha mimi, akazima injini. Nikainua mkono.

Tumasch alitoka. Alinipita bila kunitazama, mimi niliyekuwa mkewe Jumapili, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa dereva na kuweka mkono wake juu ya kioo kilichoteremshwa. Theluji ilikuwa inamwangukia kichwani. Mengia alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Ungekuja na treni," alimwambia, "ungekuwa umeshafika."

Mara tano Mengia alikuwa amekuja na treni. Nilidhani hataweza kujibu. Kisha akageuza uso upande mwingine kabisa, mbali na mumewe, kuelekea ukutani, maana akimtazama usoni hamwoni. Akamwona kwa pembeni.

"Na mashuka," alisema, "angeyabeba nani?"